Ukurasa wa Tosha

Kitabu cha Sihaba kililetwa asubuhi, kimeviringishwa ndani ya khanga iliyopauka, na mtu aliyekileta alikiweka kizingitini polepole, kama anayemlaza mtoto aliyekwisha sinzia. Sikitu alikitazama kitabu kabla ya kumtazama mtu. Hakuhitaji kuambiwa. Katika mji ule Kitabu hakitoki ndani ya nyumba yake mpaka mwenye nyumba afe, na akishakufa hurudishwa alikozaliwa.

"Shemeji," alisema yule mtu, "mimi Mbaruku. Mume wa Sihaba. Hujawahi kuniona."

"Sijawahi. Karibu ndani."

"Alisema nikuletee wewe. Si mama."

Sikitu na Sihaba walikuwa pacha, tena pacha wa yai moja, wamefanana hata mkunga aliyewapokea alishindwa kusema nani katangulia. Walikuwa na miaka mitatu ulipoingia mwaka ambao wenyeji waliuita Mwaka wa Vumbi. Sihaba akapelekwa kwa shangazi yao ng'ambo ya mfereji mkuu, Sikitu akabaki na mama. Hawakuonana tena. Mji haukuwa mpana kiasi cha kuwatenga ndugu wawili kwa miaka arobaini. Ila Sikitu hakuwahi kuvuka mfereji. Kuna watu wasiovuka. Yeye alijijua kuwa ni mmoja wao, vilevile alivyojijua kuwa ana mikono miwili.

Mji wenyewe hauna jina, kwa sababu waliomo hawajapata kuona mji mwingine wa kuutofautisha nao. Una nyumba zisizo na hesabu, zimebanana ukuta kwa ukuta, na katikati yake hupita mifereji ya maji mekundu, ya vuguvugu, ambayo haijapata kukauka wala kusimama. Kila nyumba ina chumba cha ndani, na humo ndimo kinamokaa Kitabu. Vitabu vyote vya mji vina maneno yaleyale, herufi kwa herufi, na herufi zenyewe ni nne tu, zinapangwa na kupanguliwa maelfu kwa maelfu ya kurasa. Kila asubuhi Kitabu hufunguliwa na kusomwa kwa sauti, na kinachosomwa ndicho kinachotendeka. Nyumba inayosoma kurasa za nuru huona. Inayosoma kurasa za chumvi huchuja. Inayosoma kurasa za nguvu huvuta na kubeba hadi siku yake ya mwisho. Ukiuliza iweje nyumba zenye maneno mamoja ziishi maisha mbalimbali, utajibiwa: lakiri. Wapo mafundi wapitao na kijiko kilichopashwa moto, wakadondosha tone la nta, dogo kuliko punje ya mtama juu ya herufi ya tatu, pale inapofuatwa na ya nne. Herufi haifutiki. Imo chini ya tone, nzima kabisa. Lakini msomaji akifika hapo jicho lake huteleza, ukurasa ukarukwa, na nyumba ikaishi kana kwamba ukurasa ule haukuandikwa kamwe.

Na wapo wajumbe. Hao hushuka kutoka Kilimani kwa njia ya mifereji, wakapita mbele ya milango yote, lakini huingia pale tu penye kitasa kinachoujua mkono wao. Mjumbe akishaingia haketi, haombi maji. Huenda moja kwa moja chumba cha ndani, akaweka kidole juu ya ukurasa aliotumwa, na ukurasa ukasomwa. Mjumbe mmoja aweza kuamsha ukurasa wa mifupa nyumba hii, na nyumba ya pili akaamsha ukurasa wa damu. Ila hata mjumbe hana uwezo juu ya lakiri. Akikuta tone, kidole chake hurudi mfukoni.

Sikitu alikuwa fundi wa lakiri. Mtaa mzima ulikuwa wake, kwa miaka ishirini na mitatu.

Mbaruku aliketi ukingoni mwa kiti. Alikuwa mtu mnene, mwenye macho ya upole yaliyovimba kwa kilio. Sikitu alimtilia chai, akaenda kuhakikisha mlango, akarudi, akaenda tena.

"Nimeufunga, shemeji," alisema Mbaruku.

"Najua."

"Aliugua siku tatu tu. Kifua. Siku ya tatu akaniambia nimfungulie dirisha, akafa."

Sikitu alitafuta la kuuliza juu ya mtu mwenye uso wake mwenyewe. Akauliza swali lililomjia, na lilipotoka likamfedhehesha. "Alikuwa analala?"

"Analala?"

"Usingizi. Alikuwa akiupata?"

Mbaruku alicheka, kicheko kikakatika katikati. "Huyo? Alikuwa analala mpaka jua linampiga usoni. Nyumba ingeungua akalala. Mjumbe wa Hofu alikuwa anakuja kwetu kama anavyokuja kwa kila mtu, nisikudanganye, akiingia Sihaba anashtuka, anasimama, moyo unamwenda mbio. Halafu baada ya kitambo namwona ameshusha mabega. Mjumbe anaondoka. Yeye anarudi kwenye kazi yake."

"Anaondoka?" alisema Sikitu.

"Mjumbe? Ndiyo. Kwani kwako haondoki?"

Sikitu alitazama pembeni mwa chumba, nyuma ya mtungi, pale alipochuchumaa Mjumbe wa Hofu, amevaa nguo zake za kijivu, amekumbatia magoti. Alikuwepo pale tangu Sikitu alipoanza kukumbuka mambo. Alidhani kila nyumba ina wake.

*

Mgeni alipokwenda zake, Sikitu alivibeba Vitabu viwili, chake na cha marehemu, akaviweka sakafuni kimoja kando ya kingine. Fundi akiwa kazini hasomi, hiyo ni sheria. Fundi hutazama mahali pa matone, akayafuata kwa kidole kama mtu anayefuata mshono wa nguo. Akapita ukurasa baada ya ukurasa, tone hapa, tone hapa, sawasawa, sawasawa, hadi alipofika mahali karibu na katikati, vidole vyake viwili vikaachana. Katika Kitabu chake palikuwa na matone saba, ya zamani, yamekuwa meusi. Katika cha Sihaba palikuwa laini.

Akarudia. Matone saba. Laini.

Alizijua tofauti zote ambazo lakiri hufanya. Ndiyo iliyokuwa riziki yake. Lakini hakuwahi hata siku moja kuzielekeza kwake. Alidhani Sikitu ni Sikitu. Alidhani mwanamke asiyevuka mfereji, anayekagua mlango mara tatu, anayeficha vyakula chini ya kitanda hadi vikaoza, ambaye moyo wake hudunda hata akiwa anakunja nguo, alidhani huyo ndiye aliyeandikwa. Kumbe aliyeandikwa ni mwingine. Aliyeandikwa alikuwa ng'ambo, akilala hadi jua limpige usoni, na sasa amezikwa. Basi mimi ni nani? Mimi ni maandishi au mimi ni matone? Kama ni maandishi, nimekufa wiki iliyopita kwa kifua. Kama ni matone, mimi ni mkono wa mtu. Mkono wa nani? Hakuna aliyeishi humu ndani. Palikuwa na nyumba, palikuwa na mjumbe pembeni, na palikuwa na mahali ambapo mtu angekaa.

Alijua ukurasa ule kwa sura. Matone saba kwa mpangilio ule, mawili, matatu, mawili, alikuwa ameyapiga kwa mkono wake katika nyumba mia mbili na kitu za mtaa wake. Fundi huingia nyumbani, mama huweka Kitabu chake kando ya cha binti, fundi hunakili matone. Hakuna aliyewahi kuuliza ukurasa ule unasema nini.

Mama yake, Bi Mwatime, alikuwa ua wa nyuma akishona gunia. Umri ulikuwa umemkausha, lakini sindano yake haikutetemeka.

"Mama," alisema Sikitu. "Kitabu changu kina matone saba ambayo cha Sihaba hakina."

"Kwa hiyo kimefika."

"Kimefika. Nani aliyapiga?"

"Mimi."

Sindano iliingia, ikatoka.

"Ukurasa gani huo, mama?"

"Ukurasa wa Tosha. Ndio unaomwambia mjumbe aende zake." Bi Mwatime alikata uzi kwa meno. "Ulikuwa na miaka mitatu. Watu hupiga lakiri mtoto akikaribia kuwa na nyumba yake, mimi niliipiga mapema, kwa kijiko cha uji, maana sikuwa na kingine. Nilikuwa na viazi vitatu kwa siku na watoto wawili. Nje kulikuwa na vumbi ambalo mtu akiingia haonekani tena. Watoto waliotulia walitoka kwenda kucheza. Nilikuwa nawasikia. Walikuwa wanaita mama zao mara moja, basi. Kila mtoto niliyemwona hai alikuwa yule aliyejificha chini ya kitu na kukataa kutoka. Nikasema, huyu mmoja nampeleka kwenye chakula. Huyu ninayebaki naye, asitulie hata siku moja. Na hukutulia. Na uko hai, unanihoji. Unataka nikuombe radhi?"

"Sijui ninachotaka."

"Basi kaa chini unishikie gunia."

Sikitu akakaa, akalishika. Uzi ukapita mara kadhaa. Kisha akauliza kama lakiri hutoka. Bi Mwatime alisema aliwahi kujaribu kuitoa kwa kisu, Sikitu alipokuwa na miaka saba na vumbi limekwisha, akaona ncha inakwaruza herufi yenyewe, akaacha. Alisema hivyo bila kuinua macho. Ndipo Sikitu alipojua kwamba mama yake alikuwa ameketi na jambo hili miaka yote ile, na kwamba lile gunia halikuwa na tundu lolote la kushona.

*

Kidawa, binti pekee wa Sikitu, alikuwa na miaka kumi na minne. Baba yake alikwisha kufa. Msimu ule Mjumbe wa Kukua alikuwa amemjia, akapita juu ya kurasa zake kwa kidole chepesi, na msichana akarefuka, sauti yake ikapata kina, akaanza kucheka kwa mambo ambayo hakuyaeleza. Mtoto huzaliwa na Kitabu chake, lakini lakiri zake huwa chache. Kurasa nyingi zi wazi, na ndiyo maana watoto hukimbia hovyo. Kidawa alikuwa anavuka mfereji kwenda na kurudi, mara nne kwa siku, akiwa na miguu mitupu. Ilikuwa imebaki wiki moja apigwe lakiri, tone kwa tone kama Kitabu cha mama yake, kisha awe na nyumba yake.

Sikitu alimwendea yule aliyechuchumaa nyuma ya mtungi. Hakuwahi kumsemesha.

"Vumbi lilikwisha miaka arobaini iliyopita," alimwambia. "Nani bado anakutuma?"

Mjumbe wa Hofu aliinua uso. Ulikuwa uso wa kawaida, wa mtu aliyechoka kukaa. "Njoo," alisema.

Wakavuka mfereji. Sikitu alivuka akiwa amefumba macho, amekamata nguo ya kijivu, na alipoyafumbua alikuwa na miaka mitatu na mjumbe alikuwa mrefu kama nguzo. Njia ya Kilimani hupanda kwa kuzunguka, na kila mzunguko humpa mtu umri mwingine. Mzunguko wa pili alikuwa bibi arusi, akiona haya, mikono imekolea hina. Mzunguko wa tatu alikuwa ajuza, magoti yakilia. Chini mji ulitandazwa kama ngozi iliyoanikwa, na aliona jambo ambalo mtu akiwa ndani halioni: mji wote, mapaa na mifereji na kuta, ulikuwa unatetemeka kidogokidogo, bila kukoma.

Juu hapakuwa na jumba la enzi. Palikuwa na chumba kimoja chenye dirisha lililoelekea mjini, na mlango wa nyuma ambamo wajumbe wa kijivu walikuwa wanapangana kutoka. Kando ya dirisha aliketi mwanamume wa makamo mwenye mafua, koti lake halina vifungo. Alisema anaitwa Mshangama.

"Wewe ndiye mfalme?" aliuliza Sikitu.

"Mimi? Mimi nafungua mlango tu, dada. Keti, umepanda sana."

"Nani anakuamuru uufungue?"

"Ninyi."

"Sisi hatukuamuru."

"Hamjaniamuru niufunge." Mshangama alipenga kamasi, akaomba radhi. "Kazi yangu ni hii. Nikisikia kishindo, natuma. Wajumbe wakifika, nyumba zinajihami, halafu zinasoma ukurasa wenu wa kutosha, sauti inapanda na mifereji, inafika dirishani hapa. Ndipo nafunga mlango. Nilisikia kishindo mwaka mmoja, kikubwa. Nikatuma. Tangu siku hiyo nimetega sikio."

"Vumbi limekwisha!"

"Hilo mimi sikuambiwa."

"Nakuambia sasa. Tosha! Tosha, bwana!"

Mshangama alitikisa kichwa kwa huruma. "Ya mdomoni haifiki. Wengi wamepanda hapa wakapiga kelele, na wengine wamenipiga na mimi. Isomwe ndani ya nyumba, kutoka Kitabuni. Hiyo ndiyo naisikia."

Sikitu alikumbuka nyumba mia mbili na kitu. Alikumbuka mkono wake, kijiko chake, mawili, matatu, mawili. Aliketi sakafuni.

"Nyumba moja ikisoma?" aliuliza baadaye. "Moja tu?"

"Nitaisikia. Sauti moja naisikia kabisa. Kulikuwa na moja ng'ambo ya mfereji mkuu, ilikuwa inanifikia kila siku, nzuri, imenyamaza wiki iliyopita." Sikitu aliuma mdomo. "Lakini siwezi kufunga mlango kwa ajili ya nyumba moja, dada yangu. Kwa hiyo hiyo moja hutulia peke yake, katikati ya mji uliojikunyata, kila mtu kafunga, kila mtu kaficha. Ikija kupatwa na shida itagonga kwa nani?"

"Na mji huu ni wa nani?"

"Wanasema tumo ndani ya mnyama."

"Mnyama gani?"

"Sijui. Nijuavyo ni kwamba anaogopa, na hajui anaogopa nini. Anadhani sisi tunajua."

Njiani akishuka Sikitu hakuhesabu mizunguko. Alikuwa anasema peke yake, midomo ikienda. Nilitaka kumkuta mtu. Nilitaka awe mnene, awe na kiti, nimshike koo. Kumbe ni mtu wa mafua. Kumbe kiti cha enzi ni tundu ukutani na kila anayetawaliwa ameliziba kwa ndani, kwa mapenzi, kwa kijiko cha uji. Mama alinipenda. Mama za mtaa mzima waliwapenda. Ningemchukia nani? Nimchukie aliyenificha chini ya kitanda hadi leo?

Aliingia nyumbani. Kidawa alikuwa jikoni, pale alipomwacha akichemsha chai. "Mama, ulitoka? Chai yako haijapoa," alisema, kisha akamwangalia vizuri. "Nywele zako zimefanya nini?" Upande mmoja wa kichwa ulikuwa mweupe wote.

*

Siku ya lakiri ilikuwa ya joto kali. Mawingu yalikuwa yamechelewa, na mtaani watu walisema kwa sauti ya chini kwamba mwaka huu, jamani, mwaka huu hauna dalili njema. Sikitu alitandika mkeka, akakiweka Kitabu cha binti yake mbele, chake kando, akawasha makaa. Bi Mwatime aliketi ukutani. Kidawa alikuwa amevaa gauni jipya na hakuweza kukaa kimya.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Nitajisikiaje?"

"Utajisikia wewe."

Sikitu alipiga kurasa za mwanzo bila kusita, kwa kuwa zilikuwa za haki: kurasa za kazi ambazo si za nyumba ile, kurasa ambazo zikisomwa mahali pasipo pake huzaa balaa. Si kila lakiri ni dhuluma. Bila lakiri jicho lingetaka kuwa ini na ini lingetaka kuwa mfupa, na mji ungekuwa bonge moja la nyama linalopiga kelele. Hilo alilijua na aliliamini. Alikuwa ameamua vilevile, wiki nzima alikuwa anaamua, kwamba akifika karibu na katikati atapaacha laini.

Alifika. Kijiko kikasimama hewani.

"Mbona umeacha?" aliuliza Kidawa. Akainama juu ya Kitabu chake. Hakuna sheria inayomzuia mwenye Kitabu kusoma. Ni fundi tu asiyesoma akiwa kazini. Na kabla mtu hajasema neno, msichana akasoma, kwa ile sauti yake mpya yenye kina:

"Tosha. Lililokuja lilikuja, nawe ulisimama. Sasa limekwenda. Shusha mabega. Mlango umefungwa vya kutosha. Usingizi si kosa. Tosha. Keti na walioketi."

Nyuma ya mtungi Mjumbe wa Hofu akasimama. Goti moja likalia, kisha la pili, kama magoti ya mtu aliyechuchumaa miaka arobaini. Akajikung'uta nguo. Akamwinamia Kidawa, akafungua mlango, akatoka, na mwanga wa nje ukaingia hadi ukutani.

Kimya kilichofuata Sikitu hakuwa amepata kukisikia. Hakikuwa na kitu ndani yake. Moyo wa Kidawa ulikuwa unapiga polepole, aliweza kuuona shingoni, polepole, na msichana alikuwa anatabasamu akiutazama mlango ulio wazi, wazi kabisa, na hakuwa na haja ya kuinuka kwenda kuufunga. Bi Mwatime alikuwa ameweka mkono mdomoni. Huko juu, bila shaka, mtu mwenye mafua alikuwa ameinua kichwa.

Na Sikitu? Maneno yalikuwa yamesomwa mbele yake lakini hayakuwa ya Kitabu chake. Kwake yalifika kama habari za nchi nyingine. Aliuona mlango wazi. Aliliona joto nje, na anga lisilo na wingu, na aliusikia mtaa mzima ukijifungia, komeo baada ya komeo. Akamwona binti yake katikati ya hayo yote, ametulia, miguu mitupu, akiinuka na kutoka, akivuka, akiita mara moja tu. Kila alichokuwa nacho mwilini kilimwambia jambo moja, na ukurasa ambao ungeweza kulikatiza ulikuwa chini ya matone saba.

"Mwanangu," alisema Bi Mwatime kwa sauti ndogo. Hadi leo haijulikani kama alitaka kumwambia piga, au acha.

Sikitu akapiga. Mawili. Matatu. Mawili. Mkono wa fundi haukukosea hata tone moja. Machozi yake yalidondoka kando ya ukurasa, hayakugusa herufi.

Mjumbe alirudi kabla lakiri haijapoa. Hakuenda nyuma ya mtungi. Alitazama huku na huku, kisha akaenda kuchuchumaa mahali papya, karibu na miguu ya Kidawa.

*

Siku ya nne mvua ilinyesha. Ilinyesha kama haijanyesha kwa miaka, nene, ya baraka, ikajaza mapipa, ikaosha mapaa. Watu walifungua milango kidogo kuiangalia, wakaifunga. Ilikwisha julikana kuwa mwaka ule ungekuwa wa neema.

Sikitu alimtafuta binti yake jikoni, hakumwona. Akamtafuta uani, akaita. Mwishowe akapiga magoti chumbani, akainua shuka. Kidawa alikuwa chini ya kitanda, amejikunja na gauni lake jipya, macho yamemtoka. Kando yake alikuwa amepanga mihogo mitatu na kopo la maji.

"Mama," alinong'ona. "Kuna watu juu ya paa."

"Ni mvua, mwanangu. Ni mvua tu. Toka."

"Wangapi?"

Sikitu alilala kifudifudi kwenye sakafu ya baridi, akajisukuma, akaingia chini ya kitanda. Palikuwa pafinyu. Akamwekea mkono mgongoni, akausikia moyo wa mtoto unavyokwenda, na wake unavyokwenda, mmoja ukiufukuza mwenzake. Alitaka kumwambia hakuna mtu. Akasikiliza kwanza, ili awe na hakika. Juu ya paa vishindo vilikuwa vingi, vikija upande huu, vikienda upande ule.

Kisha, kwa sauti ya chini, wakaanza kuhesabu wote wawili.